Mwaka Nyasi Zilipokosa wa Kuzila

Mpendwa Baba Halima,

Darasani nawafundisha watoto kwamba barua huanza kwa kuulizia hali ya anayeandikiwa. Hali yako naijua. Yangu si mbaya. Nakula, nalala, naamka, nafundisha. Mama yako ni mzima, ni magoti tu yanayomsumbua. Halima ameng'oka meno ya mbele na mengine yanaota, na mdogo wake, uliyemwacha akitambaa, sasa anakimbia hadi kisimani na kurudi. Hapa Kotile ni kiangazi tena. Upepo unaanza asubuhi na vumbi linaingia hata kwenye chumvi.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha tuliyokutana nayo. Kiborana changu cha Bute hukukijua, na Kisomali chako kilinichukua miaka kukipata. Katikati tulikuwa na hiki Kiswahili, mimi changu cha shule, wewe chako cha sokoni Garissa, na nyumba yetu tuliiendesha kwa hicho. Hata tulipogombana tuligombana kwa lugha isiyo ya mama wa yeyote kati yetu, kwa hiyo ugomvi haukuwa ukifika mbali. Maneno yalituishia mapema.

Unakumbuka maziwa? Nilipoletwa hapa kufundisha darasa la kwanza, wewe ndiye uliyekuwa ukileta maziwa ya walimu. Asubuhi ya kwanza nilionja nikatema. Yalikuwa machungu, uchungu unaobaki nyuma ya ulimi. Nilikulia kwenye maziwa, sikuwa mgeni wa harufu ya kibuyu kilichofukizwa moshi, lakini yale yalinishinda. Nawe ulikuwa bado umesimama mlangoni.

"Mwalimu, maziwa iko mbaya?"

Nilikuambia ni machungu. Hukubisha wala hukuona haya. Uliyanusa, ukasema mbuzi wamekula kile kichaka cha majani ya kijivu kinachoota kando ya njia ya kisima.

"Kesho nabeleka ubande ingine," ukasema.

P yako ilikuwa b, na ilibaki hivyo maisha yako yote. Kesho yake maziwa yalikuwa matamu. Nilidhani umetia sukari. Kumbe uliwapeleka mbuzi mbali sana, kwenye migunga iliyokuwa imetoa maua, na ukarudi wakati watu walikuwa wameshaswali magharibi. Mama yako alikuuliza kwa nini unawachosha wanyama, ukamjibu kwamba malisho ya karibu yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Hilo aliniambia yeye mwenyewe baada ya harusi, akiwa amekasirika kidogo bado.

Kwa muda mrefu ulinitumia habari zako kwa njia hiyo. Siku maziwa yakiwa mepesi nilijua umepita upande wa mtoni. Yakiwa mazito na yana harufu ya ubani nilijua mbuzi wamekula majani machanga ya miti ya utomvu. Ulipokuja kuniuliza kama ningekubali watu wako waende Bute kwa watu wangu, nilikuwa nimeshazoea kujua ulikokuwa kabla hujasema.

Nayakumbuka haya yote vizuri, Baba Halima. Hakuna nililosahau. Lakini nayaona kama mtu anayeonyeshwa picha za harusi ya jirani. Naona nguo, naona nyuso, nasema ndiyo, ilikuwa siku nzuri, kisha narudisha picha kwa mwenyewe.

Ulikuwa na swali moja kwa kila mmea. Wengine hutaka kujua jina, au kama ni dawa. Wewe uliuliza, "Nani anakula hii?" Ukishaambiwa ni ngamia, au ni nyuki, au ni yule ndege mwenye kichwa chekundu, uliridhika na ukaendelea na safari. Mmea usioliwa na yeyote ulikusumbua. Uliuzunguka, ukaugusa kwa fimbo, ukaniambia kuna kitu hatujakiona bado.

Wakati wa kiangazi, maganda ya migunga yalipokauka na kujikunja, ulikuwa ukichukua ule mti wako mrefu wenye ndoano na kutikisa matawi. Mbuzi walisikia mlio huo kutoka mbali wakaja mbio, maganda yakiwaangukia mgongoni. Jioni walilala zizini wakicheua na kutema mbegu ngumu, moja baada ya nyingine. Halima alipokuwa mdogo alikuwa akizikusanya na kuzipanga mstari, na mimi nikamfundishia kuhesabu. Ulinionyesha kwamba mbegu zilizopita kinywani na tumboni mwa mbuzi huota vizuri kuliko zile zilizobaki chini ya mti. Ulinipeleka mahali ambapo babu yako alikuwa na zizi kabla hujazaliwa. Hakukuwa na jiwe wala kigingi. Kulikuwa na migunga tu, imesimama kwenye mviringo, kwa sababu samadi ilikuwa hapo. Ulisimama katikati ya ule mviringo ukaniambia hapa ndipo baba yako alipotahiriwa. Kisha tukaondoka kwa sababu jua lilikuwa kali.

Kuhusu wadudu tulibishana. Maganda yaliyokaa chini kwa muda yalijaa matundu madogo, na ndani ya kila mbegu iliyotobolewa mlikuwa na unga mtupu. Wewe ulishikilia kwamba fukusi wanatoka kwenye ganda lenyewe, kwamba ni jasho la ganda linalogeuka mdudu. Mimi nilisema ni yai. Nikachukua maganda mabichi kutoka mtini, nikayafungia kwenye mkebe darasani, kifuniko kikiwa kimekazwa, ili watoto waone. Baada ya muda mkebe ulikuwa na fukusi wanaotembea. Ulifurahi sana siku hiyo. Ulisema hakuna aliyeingia, mkebe ulifungwa na mwalimu mwenyewe, kwa hiyo ni ganda. Walimu wenzangu walikuunga mkono. Nilijua tu kwamba sivyo.

Ulinyamaza kuhusu jambo hilo, nikadhani limekwisha. Kisha mchana mmoja ulikuja shuleni ukiwa umeshika ganda bichi kwa ncha za vidole, umelitoa juu kabisa ya mti. Ubavuni lilikuwa na vidoa vyeupe, vidogo kuliko chembe ya chumvi.

"Mwalimu, njoo uone. Mama yao ametangulia."

Hukusema kwamba nilishinda, nami sikusema. Tulilitazama tu. Uliniambia tangu hapo kwamba mbuzi na fukusi wanagombea ganda moja, na anayefika kwanza ndiye anayeamua kama kutakuwa na mti. Mbuzi akiwahi, yai linakufia tumboni mwake na mbegu inapona. Fukusi akiwahi, mbegu inakuwa unga. Uliacha kuwacheleweshea mbuzi maganda baada ya siku ile.

Mwaka wa kabla ya mvua ulikuwa mbaya, hilo huhitaji kukumbushwa. Ulikata matawi ya juu kwa ajili ya mbuzi na kuacha ya kati, na watu waliokuja kukata mti mzima uliwaomba, wengine wakakusikia. Ng'ombe wa mama yako walikufa wote. Mbuzi wengi walibaki kwa sababu ulikuwa ukiwainulia majani kwa mikono. Ulikonda. Redio ilikuwa ikisema mvua itakuja, tena kubwa, na wewe ulisema redio haijawahi kuchunga.

Ilikuja mwisho wa mwaka wa tisini na saba, mvua ile ambayo redio iliipa jina la kigeni. Mwanzo tulitoka nje tukasimama ndani yake. Mama yako alitoa masufuria yote. Baada ya hapo haikukoma. Mto Tana ulitoka mahali pake, njia ya Garissa ikakatika, na tukawa kisiwa pamoja na shule na msikiti na mbuzi wetu.

Lakini ile kijani, Baba Halima. Sijaona kijani kama hiyo tena. Nyasi ziliota mahali ambapo nilidhani ni mwamba. Migunga ilichanua maua ikawa myeupe, na mlio wa nyuki ulisikika kutoka darasani hata nikawa naongeza sauti. Vipepeo walitua kwenye matope kwa maelfu wakinywa. Kumbikumbi walitoka, na kwenye vichuguu vikaota uyoga mkubwa kama sahani. Uliugusa mmoja kwa fimbo, ukauliza swali lako. Nikakuambia nilisoma kwamba mchwa wenyewe wanaupanda ndani ya kichuguu, wanaulisha na kuula, kama watu wanavyolima mahindi.

"Basi mchwa ni watu wa mtoni," ukasema, kwa kuwa huku wanaolima ni wao.

Ulikuwa umeanza kunenepa tena. Mbuzi walikuwa wamejaa mimba. Ulikuwa ukiwagusa tumbo jioni mmoja mmoja wakiingia zizini, na usoni ulikuwa kama mtu aliyeambiwa habari njema kisha akaombwa asiitangaze.

Mbu walikuwa wengi kuliko tulivyowahi kuona. Walikuwa wakitua kwenye masikio ya mbuzi hadi sikio likawa jeusi. Nilikuwa bado na kile kifurushi cha utomvu niliokuja nao kutoka Bute, ule ambao kwetu tunauita agarsu na ninyi mnauita hagar. Tuliupondaponda, tukauloweka, tukawapaka mbuzi masikioni na kwapani. Kupe walidondoka. Uliwaokota ukanionyesha mkononi, wamekufa. Mbu hawakujali. Uliwasha moshi wa samadi na magogo mabichi, tukakohoa wote, na mbu wakazunguka upande wa pili.

Kisha mbuzi wakaanza kutupa mimba. Asubuhi ya kwanza ulivikuta vitoto zizini, havina manyoya, na mama zao wamesimama kando. Ulidhani ni beberu mmoja amewapiga pembe. Siku iliyofuata waliotupa walikuwa wengi zaidi, na kondoo nao. Wengine walitoka damu puani. Ulivitoa vitoto vile kwa mikono yako, vingine ukivivuta kutoka tumboni kwa sababu mama zao hawakuwa na nguvu, ukaenda kuvizika. Mbuzi aliyekuwa akikaribia kufa ulimchinja kabla hajaanguka, ili nyama isipotee na kwa sababu hivyo ndivyo kila mtu alivyofanya.

Tulitafuta sababu. Watu walisema nyasi changa zimewazidi nguvu. Wewe ulisema hapana, ni mmea. Kulikuwa na mmea mmoja uliotambaa kila mahali msimu ule, una ua jeupe lenye koo la zambarau, na hata mama yako hakuwa amewahi kuuona. Uliuliza kila mtu nani anaula. Hakuna aliyejua. Ukaamua ni huo.

Ulianza kuung'oa. Nilikuona kutoka mlango wa darasa, umeinama ndani ya maji yaliyofika magotini, unavuta, unatupa nyuma, unavuta. Nilikuletea chai ukainywa umesimama. Mikono yako ilikuwa imeiva kwa maji. Abdi, ndugu yako, alikusaidia siku chache akachoka, akakwambia mmea umejaa hadi upeo wa macho. Ulimjibu kwamba unaanza na ulio karibu na zizi. Kila jioni ulirudi na kuhesabu waliokufa, na kila asubuhi ulirudi kung'oa. Mbu walikuwa wamekufunika shingoni. Sikufikiria kuhusu mbu. Wewe pia hukufikiria. Mbu walikuwa kama mvua, kitu kilichokuwepo tu.

Homa ilikuanza ukiwa huko majini. Ulirudi ukasema macho yanauma. Tulisema malaria, tukakupa dawa ya malaria iliyokuwa nyumbani. Kichwa kilikuuma hata ukaomba Halima asiongee. Kisha macho yako yakawa manjano, na ulipopiga mswaki fizi hazikuacha kutoka damu. Abdi na wanaume wengine walikulaza kwenye mkokoteni wa punda wakupeleke Garissa. Walifika mahali njia inapoingia majini, wakasimama, wakakurudisha. Niliwaona wakirudi na nilijua kabla hawajafika, kwa sababu punda alikuwa anatembea haraka, anarudi nyumbani.

Ulilala upande wa ukuta. Mama yako alikuwa miguuni mwako, mimi kichwani. Ulisema Kisomali mara nyingi, na maneno mengine sikuyafahamu. Kisha ukafungua macho ukaniambia kwa Kiswahili:

"Halima amefungulia mbuzi?"

Zizi lilikuwa tupu tangu juzi yake. Nikakuambia ndiyo, ameshawafungulia.

"Wabite ubande wa migunga," ukasema.

Nikakuambia wameenda huko huko. Hukusema tena kitu.

Kaburi lilichimbwa mara mbili kwa sababu la kwanza lilijaa maji. Walikulaza kwenye mwinuko nyuma ya msikiti. Wanawake walikuja wakalia, mama yako alilia hadi sauti ikakauka. Mimi nilikuwa nahesabu vikombe. Niliona kwamba havitatosha, nikaenda kuazima. Mtu mmoja alinishika mkono akaniambia nikae. Nikakaa. Nilikuwa nangoja kitu kinifikie. Nilikuwa nakiona kinakuja kwa mbali, kama mtu unayemwona ng'ambo ya uwanda mchana, na mpaka leo bado yuko ng'ambo.

Nikaingia eda. Nilivaa nyeupe nikakaa ndani, na mlango ulitazama upande wa malisho. Mvua ilipokoma jua lilitoka, na nyasi zikaendelea kukua kwa sababu hazikuwa na wa kuzizuia. Zilifika kiunoni. Zikachanua, zikatoa mbegu, mbegu zikapukutika, nyasi zikawa njano zikiwa zimesimama. Zilivuma usiku na mchana. Ulitumia mwaka mzima kuwainulia mbuzi jani moja moja, na sasa malisho yalikuwa yamefika hadi mlangoni na zizi lilikuwa wazi. Nilitazama hilo kila siku. Watu waliokuja kunipa pole walitazama kando.

Migunga nayo ilizaa maganda kuliko wakati wowote. Yalianguka, yakalundikana chini ya miti. Siku nilipotoka eda nilipita hapo kwenda shuleni, nikakanyaga, yakavunjika kama maganda ya mayai matupu. Niliinama nikachukua moja. Fukusi walikuwa wamefika kwanza. Mbegu zote zilikuwa unga.

Njia ilipofunguka alikuja bwana mifugo na gari la serikali, na watu waliotoa damu kwa wanyama waliobaki na kwa sisi pia. Baadaye alirudi akatuita shuleni kutueleza. Alikuwa kijana mpole, amechoka, alikuwa ameshasema maneno hayo sehemu nyingi. Alisema ni ugonjwa wa wanyama unaobebwa na mbu, na mtu huupata kwa kuumwa na mbu, au kwa kugusa damu na vitoto vilivyotupwa. Alisema kuna mbu hutaga kwenye udongo wa mabonde yaliyokauka, si kwenye maji, na mayai hukaa humo miaka mingi, na ugonjwa hukaa ndani ya yai. Yanangoja mafuriko. Maji yakifika, yanaanguliwa yote pamoja.

Nilimuuliza kama ni sawa na mbegu za nyasi. Alifikiri kidogo akasema ndiyo, udongo ni ule ule na maji ni yale yale.

Kisha nikamwonyesha ule mmea. Ulikuwa umeshakauka, lakini nyuma ya darasa kulikuwa na mmoja uliobaki kivulini, bado una ua. Nilimuuliza kama una sumu. Aliukata akauangalia majani, akaunusa.

"Hapana, mama," akasema. "Huu ni chakula. Mbuzi wanaula vizuri."

Nikamshukuru. Aliniuliza kama nilikuwa na swali lingine, nikasema sina. Abdi alikuwa amesimama karibu na alisikia. Alitoka nje akakaa chini nyuma ya gari, amefunika uso kwa shuka. Mimi niliingia darasani, kulikuwa na somo la hesabu.

Nilifikiri ungependa kujua, ndiyo maana nimekuandikia. Uliuliza kila mtu na hakuna aliyekujibu. Jibu ni mbuzi.

Sasa nikueleze yaliyotokea tangu hapo. Watu wa ukoo wako walituletea mbuzi, kila nyumba iliyobakiwa na wengi ilitoa mmoja, wengine kutoka mbali ambao hata sura zao sikuzijua. Abdi anawachunga pamoja na wake. Ni wachache, lakini maziwa ya watoto yapo. Tunachemsha siku hizi. Abdi akizalisha mbuzi anafunga mifuko ya nailoni mikononi, kama tulivyoambiwa. Wazee wanamcheka na hajali.

Wazee hao hao walikaa wakaamua kwamba Abdi anioe, ili watoto wako wakue kwenye zizi la baba yao. Sikushangaa, nilijua itafika. Hawakuniuliza kwanza, walimwambia mama yako aniulize. Kabla mama yako hajaniuliza, Abdi alikuja jioni, akakaa mbali kidogo na mlango. Alizungusha fimbo mchangani kwa muda. Kisha akaniambia ana msichana anayemtaka, yuko Garissa, na baba yake amekubali.

"Shemeji, wakikuuliza, sema hutaki. Mimi nikisema, nitaonekana nimewatupa watoto wa ndugu yangu."

Nilimwambia nitasema. Alitaka kunishukuru, akashindwa. Alisema wewe ndiye uliyemfundisha kukamua. Nikamwambia najua, na kwamba aende kabla ya giza. Alipoondoka nilijichunguza kama nimefarijika au nimeumia. Sikuona chochote. Niliona tu kwamba maji ya chai yamechemka yakapungua.

Mama yako aliponiuliza, nilisema sitaki. Hakukasirika. Nilidhani angezungumzia watoto, kwamba ni wa hapa, kwamba siwezi kuwapeleka kwa watu wasiojua lugha ya baba yao. Watu wangu wa Bute walikuwa wakinitumia habari kwa kila lori linaloshuka kutoka kaskazini: njoo nyumbani na watoto, shule iko, mwalimu hakosi kazi. Yeye alizijua habari hizo zote. Nilijitayarisha kumjibu. Nilikuwa na majibu mazuri, niliyapanga kwa Kisomali sahihi.

Hakusema hayo. Alikuwa anasukasuka maziwa, kibuyu kiko mapajani. Aliacha kusukasuka akanitazama machoni kwa muda mrefu, kama anayetazama kisima kuona kama kina maji.

"Hujamlilia bado," akasema.

Nikasema sijamlilia.

"Basi kaa. Mtu hahami kabla hajalia. Akihama atalia njiani, na njiani hakuna wa kumshika. Ukishalia, nenda unakotaka, nami nitawafungia watoto mizigo kwa mikono yangu."

Kisha akarudi kwenye kibuyu chake.

Nimewajibu watu wa Bute kwamba nitakuja. Sikuwaambia lini. Asubuhi naenda shuleni, jioni narudi. Mama yako huketi nje nikifika. Nikimsalimu hanijibu mara moja. Kwanza hunitazama macho, kisha huitikia, kisha husogeza chai upande wangu. Hajaniuliza tena, na hataniuliza. Leo pia amenitazama, ameitikia, amesogeza chai. Nimeinywa, nimeosha kikombe, nikakaa kuandika haya wakati mwanga bado upo.

Mwenyezi Mungu akupanulie hapo ulipo, Baba Halima, na akukinge na maji. Watoto wanakusalimu kwa mdomo wangu. Mimi bado niko Kotile.

Ni mimi, mkeo,
Mama Halima